Majivu ya Masaba na Maji ya Fedha

Mjukuu wangu Taaka alikuja likizo na simu yake, akanisogezea picha karibu nimeze. Kichupa cha kioo, ndani maji ya manjano yanayong'aa, rangi ya chai ya mgonjwa.

"Kukhu, bibi yangu," akasema, "hii ni fedha. Fedha kabisa, ile ya hereni. Tumeisaga mpaka imekuwa chembe ndogo ndogo hata macho hayazioni. Tunaziita nano."

"Hamkuisaga," nikamwambia. "Hiyo haisagwi. Mliiyeyusha kwanza, ikapotea, halafu mkaiita irudi polepole, kidogo kidogo, isipate nafasi ya kushikana."

Taaka alinitazama kama ameona kuku anasoma gazeti. Bibi yake ana darasa la kwanza, tena la kwanza lenyewe sikulimaliza. Basi kaa, nikamwambia, na nyinyi wenzake aliokuja nao, mnaokwenda kuvaa makoti meupe, kaeni, niwaambie. Jina hilo la nano silijui. Lakini maji hayo nayajua kuliko mnavyoyajua nyinyi. Karibu yanirudishe Masaba, kijijini kwa wakwe zangu, kuwa mke wa mtu nisiyemtaka.

Ilikuwa miaka ya sitini, bendera mpya haijapauka bado. Mume wangu alikufa kwa homa, Ajambo wangu, mama yake Taaka, hajaanza kutambaa. Matanga yalipokwisha, shemeji yangu Wandera akaja kukaa kwenye kiti cha marehemu. Hakuomba. Alikaa tu, akanyoosha miguu, akauliza chakula kiko wapi. Kila mtu alielewa. Kwetu mjane alirithiwa, na Wandera tayari alikuwa na wake wawili wanaorushiana vigae.

Nikafunga mtoto mgongoni, nikakimbilia Tororo kwa senge yangu, dada ya baba. Wandera akanifuata na wazee. Wakazungumza siku nzima, na neno lililotoka ni hili: nikipata kazi ya kweli, ya kuandikwa, nibaki na mtoto wangu. Kazi ikiisha, nirudi Masaba, niingie nyumba ya Wandera, na mtoto awe wake. Wote wakasema sawa, kwa sababu wote waliamini mwanamke asiyejua kusoma atapata kazi gani.

Nilipata kuosha chupa.

Ilikuwa maabara ndogo ya dawa, ya Serikali, vyumba vitatu vya mabati, lile jiwe la Tororo, kubwa kama mlima, limesimama juu yetu kama mtu anayechungulia. Mwenye kupokea watu, na ndiye fundi wa dawa, alikuwa Owor, mtu wa kabila la hapo, Mudhopadhola wa kijiji cha Sop Sop, mwembamba, mwenye hasira za karibu. Hakuniuliza cheti.

"Onyesha mikono."

Nikaonyesha.

"Geuza. Kucha fupi, vizuri. Wewe najua kuandika?"

"Najua jina langu, Nabwire."

"Jina inatosha. Chupa haiulizi barua."

Sasa sikilizeni tulichokuwa tunatengeneza. Daktari wetu, mwanamke Mzungu mrefu anayetembea kama amechelewa treni, alitaka maji ya fedha ya kusafishia macho yenye usaha. Ya kununua yalikuwa yameacha kuja. Akasema tutatengeneza wenyewe. Na nyinyi msiende kuyanywa, wala kunywesha mtu! Nimeona watu sokoni siku hizi wanauza vitu hivyo kama soda. Sisi ilikuwa kazi ya daktari, na tone lilihesabiwa.

Fedha yenyewe ilikuja ndani ya chupa nyeusi, punje nyeupe kama sukari. Tuliiita sukari nyeusi, kwa sababu ikigusa ngozi yako leo huoni kitu, kesho kidole ni cheusi kama kimechomwa, na hakuna sabuni itakayokusaidia. Unangoja ngozi ife yenyewe itoke. Vidole vyangu havikuwa na rangi ya binadamu kwa miaka. Kanisani walikuwa wanaacha nafasi ya mtu mmoja kati yao na mimi.

Punje hizo zinayeyushwa kwenye maji ya mvuke, yale yanayochemshwa yakapanda hewa yakadondoka upande wa pili bila uchafu. Maji yanabaki meupe, huoni fedha wala kivuli chake. Pembeni Owor anachemsha maji mengine, anatia unga wa magome, ule ukiulamba ulimi unakauka kama umekula ndizi mbichi, na magadi ya kufulia, kiasi cha kushika kwa ncha ya kisu. Yakianza kuguna, anaangusha maji ya fedha tone, tone, tone, huku anakoroga kwa fimbo ya kioo. Ukimwaga kwa pupa, fedha inashikana, inakaa chini kama masizi. Ukienda na subira inaanza rangi ya majani makavu, halafu chai hafifu, halafu chai.

Halafu Owor anafunga dirisha na kuwasha tochi kando ya chupa. Kama ni maji tu, mwanga unapita bila alama. Kama fedha imerudi, unauona mwanga ndani ya chupa umenyooka kama fimbo, kama vile jua linavyopita tundu la mabati jikoni kwenye moshi. "Unaona?" Owor anasema. "Fedha naogelea. Ndogo mpaka imesahau kuzama."

Hayo ndiyo yalipaswa kutokea. Nilipoingia mimi, yakaacha kutokea.

Wiki ya kwanza, maji yaligeuka meupe. Si meupe ya kung'aa, meupe ya maji uliyooshea muhogo. Ukiyaweka karibu na dirisha yanakuwa zambarau chafu. Owor akamwaga. Wiki ya pili, meupe. Akalaumu magadi, akatafuta mengine. Meupe. Akalaumu vumbi la saruji linalopepea mjini, tukatundika shuka mbichi madirishani, tukafanya kazi humo kama tunajificha polisi, jasho linatiririka. Meupe. Akaacha sigara. Meupe, na sasa bila sigara alikuwa hatari kwa kila kiumbe.

"Shika chini! Chini ya chupa, si mdomo! Kidole yako iko na jasho, jasho iko na chumvi!"

"Nimeshika chini, Bwana Owor."

"Na usikohoe."

"Sijakohoa."

"Umefikiri kukohoa."

Siku moja nikaanza kulia, maana Ajambo alikuwa na surua na nilikuwa sijalala. Owor akanishika bega, nikadhani atanifariji. Akanisukuma hadi nje ya mlango. "Kulia, lia huku. Machozi iko chumvi. Ukimaliza, nawa, suuza mara tatu, rudi." Akafunga mlango. Nilimchukia siku ile. Lakini chumvi ndiyo adui wa fedha, watoto wangu, chumvi ya aina yoyote. Fedha ikikutana nayo inaiacha kazi yote na kuikumbatia, na huo weupe ndio kukumbatiana kwenyewe.

Jumatatu Daktari aliingia, akatazama chupa ya tano, akaongea kwa sauti ndogo ambayo ni mbaya kuliko kelele. Sukari nyeusi iliyobaki inatosha mara moja tu. Ijumaa ikiharibika tena, anaandika barua aletewe mtu mwingine, na Owor arudi Sop Sop akalime. "Na huyu wa chupa pia," akasema, bila kunitazama. "Nafunga kazi hii."

Tangu Jumatatu hiyo sikutulia. Miguu ilikataa kukaa. Senge yangu aliniambia usiku napiga teke ukuta. Na mdomo wake senge haukuwa na mlango, Jumatano habari ilikuwa imeshafika Masaba.

Sasa nikiri.

Kwetu, mwanamke safi anajulikana kwa sufuria zake, na sufuria inasuguliwa kwa majivu. Mama mkwe wangu alikuwa anapitisha kidole ndani ya chungu, anakitazama, anakitazama tena, halafu anakutazama wewe. Sabuni ni ya nguo. Sabuni inateleza, inaacha harufu, inakudanganya. Owor alinipa sabuni ya maji na brashi, akanionyesha: sugua, suuza maji ya bomba, suuza maji ya mvuke mara tatu. Nilifanya. Halafu, akishageuka, nilirudia kwa njia yangu. Nilikuwa na mkebe wa majivu chini ya beseni, niliyatoa Masaba siku niliyotoroka, na yakipungua mtu wa sokoni ananiletea. Nakoroga majivu kwenye maji, nasukasuka ndani ya chupa mpaka inalia kwa usafi, nasuuza mara moja haraka, maana mtambo wa maji ya mvuke ulikuwa unadondosha kama mzee anayekojoa, naweka juani. Chupa zangu ziling'aa! Owor mwenyewe alizisifu. Nilijua naokoa kazi. Kila yalipoharibika, niliongeza majivu.

Mnacheka. Chekeni.

Alhamisi mchana Owor alikuwa anasuuza kitoneshi chake cha kioo, kile cha kuangushia fedha, tone moja likabaki kwenye ncha, akalikung'utia ndani ya beseni langu akatoka kwenda kuomba mafuta ya taa. Tone lilipogusa maji yangu ya majivu, likachanua. Jeupe. Kama tone la maziwa.

Nikasimama hapo na brashi mkononi.

Kitoneshi kilikuwa mezani, na masalio yake ya fedha kwenye kikombe cha kutupia. Sikuwa na ruhusa ya kukigusa. Nikakigusa. Tone kwenye maji ya mvuke matupu: hakuna kitu. Tone kwenye maji ya majivu: maziwa. Nikarudia. Hakuna kitu, maziwa. Nikachukua chupa niliyoiosha asubuhi, ile inayong'aa, nikatia maji ya mvuke kidogo, nikaizungusha, nikaangusha tone. Maziwa. Hafifu, lakini maziwa.

Mkebe huo wa majivu, mnajua ulikuwa majivu gani? Si ya kuni. Yalikuwa majivu ya matete ya bwawani, yale mama mkwe anayachuja kwenye chungu chenye tundu apate munyu, chumvi yetu ya kupikia mboga. Nilikuwa nimeyachukua kwa sababu ni laini, hayakwaruzi. Mwezi mzima nilikuwa naosha adui wa fedha ndani ya nyumba ya fedha, na naimba.

Jioni ile nilitembea hadi stesheni, nikarudi, nikaenda tena. Nifanye nini? Ningeweza kutupa mkebe, kunyamaza, kuosha kwa sabuni, na Ijumaa maji yatoke mazuri. Hakuna ambaye angejua. Nami nakwambieni ukweli, nililipenda wazo hilo sana. Lakini maabara ilikuwa na chupa nyingi rafuni nilizoziosha mimi, na fimbo, na vikombe, na vyote vilikuwa na munyu. Owor angechukua chochote. Nikinyamaza, nabahatisha kazi yangu na kazi ya Owor kwa sukari ya mara moja. Na kulikuwa na kitu kingine, kibaya zaidi: Owor alikuwa ameanza kuamini mikono yake imezeeka. Nilimwona anaitazama.

Ijumaa asubuhi nikaweka mkebe mezani mbele yake.

"Hii iko nini?"

"Majivu. Naoshea chupa."

"Majivu." Akafungua, akanusa. "Majivu ya nini?"

"Ya matete. Ya munyu."

Owor alikaa. Hakukuwa na kiti, alikaa juu ya ndoo. "Munyu," akasema. "Nabwire. Mimi naacha sigara. Mimi naziba dirisha. Mimi naambia mke wangu mikono imekwisha. Na wewe nasuka chupa yangu na munyu."

"Nilitaka iwe safi."

"Safi!" Akasimama, ndoo ikaanguka. "Nani amekufundisha hiyo safi?"

"Mama mkwe wangu."

"Basi mama mkwe yako ameshinda Serikali!"

Hapo Daktari akaingia, maana kelele ile ilisikika hadi barabarani. Owor akafungua mdomo, na mimi nikamtangulia, kwa sababu nilijua akisema yeye nitakuwa nimesemwa, nikisema mimi nitakuwa nimesema. Sikuwa na maneno mengi. Nikapanga vikombe viwili. Maji ya mvuke huku, maji ya majivu huku. Tone huku, tone huku.

Daktari aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa maji.

"Nani amekwambia kuweka viwili?"

"Hakuna. Kimoja kingesema nini?"

Akanitazama, mara ya kwanza tangu niandikwe. Kisha akamgeukia Owor, akasema Kiswahili chake cha kukatakata: "Osha vyote. Pika leo. Ikitoka rangi ya chai, nyinyi wawili nabaki. Ikitoka nyeupe, nyinyi wawili nakwenda." Akavuta kiti, akakaa. Hakutoka tena.

Tukaosha. Sabuni, maji ya bomba, maji ya mvuke mara tatu, na ya mwisho tunaangushia tone la masalio. Chupa ya kwanza: ukungu. Rudia. Ya pili: ukungu. Rudia mara nne mpaka tone likapotea bila alama. Mtambo ukidondosha, tunangoja. Mimi natembea mlangoni, narudi, natembea. "Simama," anasema Owor. "Siwezi." "Basi tembea kwa vidole, wewe natingisha sakafu."

Na kupitia mlango nikamwona Wandera. Getini, kofia kichwani, baiskeli imeegemezwa, mkeka umefungwa nyuma. Amekuja kunichukua.

"Nani huyo?" akauliza Owor.

"Shemeji. Kazi ikiisha leo naondoka naye."

Owor alitazama geti, akatazama jiko. Akanipa fimbo ya kioo. "Koroga wewe. Mimi naangusha. Usisimame hata nikikufa."

Sikuwahi kuishika fimbo ile ila kuiosha. Nikakoroga. Maji ya magome yakaguna. Tone. Hakuna kitu. Tone. Tone. Machozi yakanijia, na nikakumbuka machozi ni chumvi, nikainua uso kwenye mabati, nikakoroga bila kutazama. Nilihesabu misumari ya dari. Nilifika arobaini na kitu, nikapoteza, nikaanza upya. Tone, tone. Nikasikia Daktari anainuka kitini.

"Nabwire," akasema Owor taratibu. "Teremsha macho."

Majani makavu. Halafu, mbele yetu, kama mtu anaona haya na sasa ameamua kuingia, chai hafifu. Halafu chai.

Owor akafunga dirisha, akawasha tochi. Fimbo ya mwanga ikasimama ndani ya chupa, imenyooka. Owor alitoa sigara mfukoni, moja, imekunjamana, amekaa nayo tangu siku alipoacha, akatoka nayo nyuma ya nyumba.

Daktari akaandika kitabuni, na alipomaliza akaniambia kila chupa kuanzia leo itajaribiwa kwa tone kabla haijaingia kazini, na mwenye kujaribu ni mimi. Kazi hiyo nimeifanya hadi naacha. Mashine zikaja, sabuni mpya zikaja, vijana wenye shahada wakaja, na wote walisimama mlangoni kwangu na chupa zao wakingoja niseme ndiyo. Niliwarudisha wengi. Taaka, nilipomwuliza kama maji yao ya mwisho ya kusuuza wanayajaribu, alifunga simu akaniambia atauliza. Uliza.

Lakini bado kulikuwa na Wandera. Nikatoka hadi getini.

"Mama Ajambo," akasema, "kusanya vitu. Nimesikia kazi imekwisha."

"Haijaisha, shemeji. Waulize ndani."

"Mimi siulizi Mzungu. Wazee walisema."

"Wazee walisema kazi ikiisha. Salamu kwanza." Nikamnyooshea mkono.

Mkono huo ulikuwa umeshika fedha mwezi mzima. Vidole vitatu vyeusi hadi kwenye kifundo, kucha za zambarau, ngozi inabanduka mabaka kama nyoka anavua. Wandera alinyoosha wake, akauona wangu, na wake ukabaki hewani.

"Hiyo ni nini?"

Ningeweza kumwambia itatoka baada ya wiki mbili. "Ni ya kazi," nikasema. "Haitoki."

"Na unapika chakula na mkono huo?"

"Sina mwingine."

Alipanda baiskeli bila kuigeuza vizuri, mkeka ukafunguka ukaburuta barabarani, na yeye hakusimama kuufunga. Nilimtazama hadi akapotea nyuma ya maduka.

Hapo ndipo nilipolia. Nililia nje, mbali na chupa, mpaka yakaisha. Nikanawa uso, nikanawa mikono, nikasuuza mara tatu, nikarudi ndani.